Sura ya 6: Mawe Ndani ya Boila

Ukitaka kujua kama boila ya nyumbani kwako itaishi miaka mingi au michache, usianze kwa kuitazama boila yenyewe. Tafuta kwanza kiwanda cha saruji kilicho karibu. Kule Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, matumbawe ya kale yalianza kusagwa na kuchomwa kuwa saruji mwaka 1954. Dar es Salaam wana Wazo Hill, na Tanga wana Pongwe, si mbali na Mapango ya Amboni. Saruji haitengenezwi bila mawe ya chokaa, na hakuna mwenye kiwanda anayependa kuyasafirisha mawe hayo kutoka mbali. Kwa hiyo palipo na bomba refu la moshi na vumbi la kijivu juu ya majani ya mwembe, elewa kwamba chini ya miguu yako pana chokaa, na maji ya kisima yanayopita humo hayatoki mikono mitupu.

Watu wa pwani wamelijua jiwe hili kwa karne nyingi. Nyumba za Lamu, za Mji wa Kale wa Mombasa na za Mji Mkongwe wa Unguja zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, yakashikanishwa kwa chokaa iliyotokana na kuchoma matumbawe yaleyale. Kinachotokea ndani ya boila hakina tofauti kubwa na hilo, isipokuwa hapa mjenzi ni maji, na hajaombwa na mtu.

Mvua inapoanguka hubeba gesi ya kabonidioksaidi kidogo kutoka hewani. Ikizama udongoni hukuta gesi hiyo kwa wingi zaidi, kwa sababu mizizi na vijidudu huipumua usiku na mchana. Maji yanakuwa na uchachu hafifu ambao ulimi hauwezi kuugundua, lakini jiwe la chokaa linaugundua. Linalika taratibu, na kalsiamu yake inaingia majini kwa umbo la bikaboneti. Glasi ya maji ya kisima cha Diani au Kilifi inaweza kuwa angavu kabisa huku imebeba jiwe ndani yake.

Mapatano haya kati ya maji, gesi na jiwe yanavunjwa na joto. Maji yakipashwa moto, gesi inatoka, na kalsiamu iliyokuwa ikishikiliwa na gesi ile inabaki kuwa kaboneti ya kalsiamu, yaani chokaa ileile ya ukutani, isiyoyeyuka. Tena chokaa ina tabia ya kinyume na vitu tulivyozoea jikoni. Sukari huyeyuka zaidi kwenye chai ya moto kuliko ya baridi. Chokaa, kadiri maji yanavyozidi kuwa ya moto, ndivyo inavyozidi kuyakataa. Ndiyo maana haigandi ovyo popote ndani ya tangi. Inakwenda kujibandika mahali penye joto kali kuliko kote, juu ya elementi, kama ukoko wa wali unavyoshika chini ya sufuria na si pembeni. Kwenye Mapango ya Amboni mchakato wa aina hiyohiyo umetengeneza nguzo za mawe zinazoning'inia darini, kwa sababu gesi hutoroka pia kwenye tone linalodondoka pangoni. Huko ilichukua maelfu ya miaka. Boila inafanya kazi hiyo kwa miezi.

Ninalisisitiza hili la joto kwa sababu biashara yote ya kuuza vifaa vya kulinda boila imeegemea upande mmoja tu, wa maji. Mteja anaambiwa maji yake ni mabaya na yanahitaji dawa, chujio, sumaku au mtambo. Lakini maji yaleyale yamekaa kwenye tangi la plastiki juu ya dari kwa miaka na hayakuweka ukoko wa maana. Yameuweka pale yalipochemshwa. Anayeshughulikia maji na kuliacha joto ameshika nusu ya tatizo, tena ile nusu iliyo ghali.

Kabla ya kushika nusu yoyote, hakikisha una tatizo lenyewe. Watu wengi wakionja kisima na kukuta kinawasha ulimi husema ni maji ya chumvi, wakadhani ndiyo hayohayo yanayoziba mabomba. Si lazima. Chumvi ya mezani, inayoingia visimani bahari inapoyasukuma maji yake chini ya ardhi, haigandi kwenye elementi. Yenyewe inakula chuma. Ugumu ni kalsiamu na magnesiamu, na kisima kimoja cha pwani kinaweza kuwa na vyote viwili, kimoja, au kisiwe na chochote. Kipimo cha haraka ni sabuni. Chukua chupa mbili safi, moja utie maji ya mvua, nyingine maji ya bomba au kisima, kisha tia kila moja matone sawa ya sabuni ya kawaida ya mche iliyoyeyushwa. Usitumie sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, maana hiyo imetengenezwa ili itoe povu popote. Tikisa. Maji ya mvua yatajaa povu. Maji magumu yatatoa utando mzito mweupe unaoelea, na povu litachelewa kuja.

Maabara itakupa namba, miligramu za kaboneti ya kalsiamu kwa lita. Chini ya 60 huitwa maji laini, kati ya 121 na 180 ni magumu, na zaidi ya 180 ni magumu sana. Shirika la Afya Duniani halijaweka kiwango cha ugumu kwa ajili ya afya, na sababu ni kwamba kalsiamu haimdhuru mnywaji. Kwa hiyo mtu asikutishe kwa kukuonyesha ukoko wa birika na kukwambia ndivyo figo zako zilivyo. Hiyo ni hotuba ya mauzo.

Mapishi nayo hutoa ushahidi. Maharage yasiyotaka kuiva mara nyingi yanapikwa kwa maji magumu, kwani kalsiamu inaikaza ngozi ya punje. Wapishi wetu walilijibu hilo kwa kutupia magadi, na kemia inawaunga mkono: magadi yanaigeuza kalsiamu kuwa chokaa isiyoyeyuka, ikatua chini, na maji yanayobaki ni laini. Ziwa Magadi la Kenya limechimbwa kibiashara kwa zaidi ya miaka mia moja, na soda yake imekuwa ikilainisha maji ya kufulia katika nchi nyingi. Ila magadi yabaki kwenye sufuria na beseni. Ukiyatia kwenye tangi linalolisha boila utakuwa umeiharakisha chokaa itue ndani ya mabomba kabla hata ya kufika kwenye moto.

Ukiondoka pwani mambo hubadilika. Visima virefu vya Nairobi na vya Arusha vinapita kwenye miamba ya volkano. Maji yake mara nyingi yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, kwa hiyo sabuni inatoa povu vizuri na boila inasalimika, lakini floraidi inaweza kuwa juu ya kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita, na meno ya watoto yanalipa. Hilo ni tatizo la sura nyingine. Mtu aliyehamia Mtwapa, huko pwani, kutoka Nairobi akaja na boila yake na mazoea yake ya kutoifungua kamwe, huyo ndiye ninayemwandikia hapa.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua nyumba inayopasha moto lita 150 kwa siku, na maji yenye ugumu wa miligramu 300. Kila siku gramu 45 za jiwe zinaingia kwenye boila. Kwa mwaka ni zaidi ya kilo 16. Sehemu kubwa inapita moja kwa moja hadi bafuni, lakini hata kama ni sehemu moja ya kumi tu inayobaki, umepata zaidi ya kilo moja na nusu ya mawe ndani ya tangi kwa mwaka mmoja. Fundi akifungua boila ya miaka mitano na kumwaga ndoo ya vipande vyeupe, hakuna haja ya kushangaa.

Mawe hayo yanafanya nini? Hapa kuna jambo linalorudiwa sana ambalo si kweli kwa boila nyingi za kwetu, kwamba ukoko unapandisha bili ya umeme kwa asilimia kubwa. Takwimu hizo zilitoka kwenye boila za makaa, mafuta na gesi. Huko moto uko upande mmoja wa chuma na maji upande wa pili. Chokaa ikifunika upande wa maji, joto linashindwa kupita na badala yake linatokea kwenye bomba la moshi. Elementi ya umeme imezama ndani ya maji. Joto lake halina pa kukimbilia ila majini, na hata likicheleweshwa na ukoko, hatimaye litafika. Bili haibadiliki sana. Kinachobadilika ni hali ya elementi yenyewe. Shaba husafirisha joto zaidi ya mara mia kuliko chokaa, hivyo elementi iliyovikwa koti la chokaa inalazimika kuwa ya moto kupita kiasi ili isukume joto lilelile nje. Ndani yake mna waya mwembamba uliozungukwa na unga wa oksaidi ya magnesiamu. Waya unachoka, ala ya nje inapasuka, maji yanaingia, na siku moja swichi ya usalama inakatika kila ukiiwasha. Fundi anakuja, anapima, anakwambia, "Elementi imekufa, mama. Tununue nyingine." Anaweka mpya ndani ya mawe yaleyale.

Walio na boila ya sola wako karibu zaidi na wale wa makaa. Kwenye mirija ya vioo ambamo maji yenyewe hupita, chokaa hutua ndani ya mirija, na jua haliwezi kuzimwa nyumba ikiwa tupu. Familia ikienda kijijini mwezi mzima wa Desemba, maji yanapikwa kila mchana bila kutumiwa. Kuifunika mirija kwa turubai kabla ya safari ni kazi ya dakika kumi.

Lakini madhara ninayoyaogopa zaidi hayaonekani kwenye bili wala kwenye elementi. Boila iliyofungwa kwenye maji yenye presha ina valvu ya usalama, kijitu kidogo cha shaba nyeupe au ya njano chenye mkono mdogo, karibu na mlango wa maji baridi. Kazi yake ni kuachia maji presha ikizidi. Chokaa inaweza kuigandisha isifunguke. Themostati nayo, ambayo mara nyingi imekaa kwenye mfereji ulio kando ya elementi, ikifunikwa na ukoko inasoma joto lisilo la kweli. Vikiungana, themostati isiyokata na valvu isiyoachia, boila inaacha kuwa kifaa cha bafuni. Nyumba zinazolishwa na tangi la darini bila pampu zina bomba la kupumulia linalopanda juu ya tangi badala ya valvu, na bomba hilo pia huzibika, hasa pale lilipopindwa. Inua mkono wa valvu kila baada ya miezi miwili au mitatu, maji yatoke, ushushe. Kama hayatoki, au yakitoka hayakatiki, badilisha valvu. Usiizibe kwa plagi eti inavuja. Kuvuja matone wakati boila inapasha moto ni kazi yake.

Turudi kwenye joto. Boila nyingi zina themostati inayoweza kufika nyuzi 75 au 80, na wengi huiacha huko juu. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa maji hayatoshi. Hapo ndipo palipo na kiini cha jambo, maana boila ndogo ndiyo inayomlazimisha mwenye nyumba kupandisha joto. Maji ya tangi la darini pwani yana nyuzi 28 hivi, na ya kuoga yanatosha yakiwa 40. Lita 50 zilizopashwa hadi 75, zikichanganywa na ya baridi, zinatoa takriban lita 195 za kuoga. Lita 80 zilizopashwa hadi 60 zinatoa zaidi kidogo ya 210. Boila kubwa yenye joto la chini inaogesha watu wengi zaidi kuliko ndogo inayotokota, na chokaa inayoganda kwenye nyuzi 60 ni kidogo sana kuliko ile ya 75. Tofauti ya bei dukani inarudi ndani ya elementi mbili tatu usizozinunua. Kwa sababu hiyohiyo chagua elementi ndefu ya wati 1,500 kuliko fupi ya wati 3,000. Joto likisambaa kwenye eneo kubwa, uso wa elementi hauwi mkali, na ukoko haupati pa kushikia upesi.

Kwa nini basi tusishuke hadi 45 tumalize kazi? Kuna bakteria wa Legionella, waliopewa jina baada ya mlipuko wa ugonjwa kwenye mkutano wa maveterani wa Kimarekani mjini Philadelphia mwaka 1976. Wanazaliana vizuri kwenye maji ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45, na wanapenda kujificha penye masimbi na ukoko. Kwenye 60 hawadumu. Kwa hiyo namba ya kushika ni 60. Haijawekwa kwa bahati nasibu. Ni mahali ambapo woga wa ukoko na woga wa ugonjwa vimekutana.

Baada ya joto inakuja kazi ya kuosha, na hapa waliotutangulia walikuwa na nidhamu kuliko sisi. Kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi amesimama mnyama mmoja wa chuma, injini ya mvuke namba 5918, Mount Gelai, ya daraja la 59. Injini za daraja hilo ziliundwa 34 na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, zikapandisha mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi. Boila ya injini ya mvuke ina matundu yenye plagi yaliyowekwa kwa kazi moja tu, kuoshwa. Moto huzimwa, chuma hupozwa, plagi hutolewa, na maji ya kasi huingizwa hadi masimbi na maganda yatoke. Haikufanywa pale boila ilipougua. Ilifanywa kwa ratiba. Injini iliyopitisha zamu yake ya kuoshwa haikupewa mabehewa. Boila ya nyumbani ina sharti lilelile la asili na haina msimamizi wa karakana wa kuikumbusha.

Kwa maji magumu sana, kuifungua mara moja kwa mwaka kunatosha. Kata umeme kwenye swichi kubwa, si kwenye kitufe cha bafuni. Acha maji yapoe usiku kucha. Funga koki ya maji baridi, fungua bomba la maji moto liingize hewa, kisha mwaga tangi lote. Fungua boliti za flenji na uichomoe elementi taratibu, maana inaweza kutoka imevimba kwa ukoko na kukwama kwenye tundu. Kwangua kwa kipande cha mti. Patasi na bisibisi vinachana ala, na elementi iliyochanwa haina wiki nyingi. Masimbi yaliyobaki chini ya tangi yatoe kwa mkono au kwa mpira wa maji.

Ukoko ulioshika uloweke. Siki ya dukani, yenye asidi ya asilimia 5 hivi, inafanya kazi polepole. Nzuri zaidi ni ndimu ya unga, ileile inayotiwa kwenye sharubati na achari. Gramu 100 kwenye lita ya maji zinaweza kumaliza takriban gramu 70 za chokaa, huku ukisikia mchemko wa gesi ileile iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe. Usiyachemshe maji hayo ukidhani utaharakisha. Asidi ya ndimu ikipata joto na kalsiamu nyingi huacha unga mweupe mwingine usiotaka kuyeyuka. Na ndimu na malimau yenyewe? Yanafaa kwa birika la chai. Kwa boila ungehitaji gunia.

Asidi ya betri isiingie kabisa. Mafundi wengine huipenda kwa sababu inachemka kwa kelele, lakini asidi hiyo ikikutana na chokaa hutengeneza jasi inayofunika mawe yaliyobaki, na wakati huohuo inakula chuma. Ile asidi kali ya kusafishia vigae vya choo inayeyusha chokaa haraka kweli, kisha inaendelea na tangi. Na asidi ya aina yoyote, hata siki, usiichanganye na dawa ya kufulia yenye klorini. Gesi inayotoka imewalaza watu hospitalini.

Flenji ikiwa wazi, kuna fimbo moja ambayo fundi mvivu huiacha bila kuitazama. Ni anodi, fimbo ya magnesiamu. Ndani ya tangi la chuma lililopakwa enameli, kila ufa mdogo wa enameli ni mahali pa kutu kuanzia. Magnesiamu huliwa na maji kwa urahisi kuliko chuma, kwa hiyo inaliwa yenyewe na chuma kinaachwa. Wazo hili ni la mwanakemia Humphry Davy, ambaye katika miaka ya 1820 aliombwa kuinusuru shaba iliyofunika matumbo ya meli za kivita za Uingereza. Alifunga vipande vidogo vya zinki na chuma kwenye shaba, na shaba ikaacha kulika. Ushindi ulikuwa kamili, isipokuwa kwamba shaba isiyolika haitoi tena sumu iliyokuwa ikifukuza makome na mwani. Meli zikaota viumbe hadi mwendo ukapungua, na jeshi la majini likaachana na mpango huo. Davy alikuwa sahihi kuhusu madini na hakuwauliza makome. Boila haina makome. Anodi ndani yake inafanya kazi bila lawama hadi iishe, na katika visima vyenye chumvi inaisha mapema. Ukiona waya wa katikati umetokeza, weka nyingine. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya tangi, na tangi lililotoboka haliponi.

Sasa vifaa vya kutibu maji. Mtambo wa kulainisha kwa resini unafanya kweli unachoahidi. Maji yanapita kwenye punje ndogo za plastiki zinazochukua kalsiamu na kutoa sodiamu, na punje zikijaa zinaoshwa kwa maji ya chumvi na kuanza upya. Kanuni hiyo iligunduliwa kwenye udongo wa mashamba ya Uingereza mnamo 1850, na resini za kutengenezwa zilikuja mwaka 1935. Gharama yake si mashine peke yake. Unanunua chumvi kila mara, na kila kuosha kunamwaga maji. Kwenye mtaa unaonunua maji ya lori, kuyamwaga ili kuyalainisha mengine ni uamuzi mgumu kuutetea mbele ya majirani. Kwa hoteli au nyumba ya kupangisha yenye vyumba vingi, hesabu inakubali. Kwa familia, kama mnaununua, ulishe boila peke yake na muache maji ya kunywa na ya bustani yapite pembeni. Wala msitarajie uondoe chumvi ya bahari. Hauwezi, na wenyewe unaongeza sodiamu kidogo.

Kikombe cha polifosfeti kinachofungwa kabla ya boila ni rahisi zaidi. Hakiondoi kalsiamu, kinaizuia isishikane kuwa ganda. Joto kali na muda mrefu vinaivunja polifosfeti, kwa hiyo kinasaidia sana kwenye shawa ya umeme ya papo kwa papo, kinasaidia kiasi kwenye tangi la nyuzi 60, na kidogo sana kwenye tangi la 80. Kikombe kikiwa kitupu na hakuna aliyejaza, ni pambo la ukutani.

Sumaku zinazofungwa juu ya bomba zimeuzwa kwa miaka mingi. Majaribio ya wanasayansi yametoa majibu yanayopingana, mengine yakiona badiliko katika umbo la fuwele za chokaa, mengine yakikosa kuona lolote. Mimi nisingeweka shilingi yangu huko kabla ya kumaliza kulipia themostati nzuri, valvu mpya na anodi.

Shawa za umeme zinahitaji neno lake. Baadhi yake zina waya wa kupashia ulio wazi ndani ya maji. Kwenye maji laini ya mlimani hazina shida kubwa. Kwenye maji ya visima yenye madini mengi umeme unapata njia kupitia maji yenyewe, na ukoko unaukata waya upesi. Dukani Kenya utaziona zimeandikwa za maji ya kawaida na za maji ya chumvi. Hizi za pili zina elementi iliyovikwa ala, na ndizo za kununua pwani, hata kama muuzaji anakuhakikishia zote ni sawa. Waya wa ethi ufungwe kweli, si ukatwe na kufichwa juu ya dari, na swichi inayokata umeme unapovuja iwepo.

Kisha kuna maji ambayo hayana chokaa kabisa na yanashuka bure. Misikiti na nyumba za kale za pwani zilikuwa na mabirika ya kukusanyia mvua. Mvua iliyopita juu ya bati safi ni laini kuliko chochote utakachonunua, na masika na vuli zinaweza kuilisha boila kwa miezi kadhaa. Weka tangi la mvua lenye chujio na bomba la kumwagia maji ya kwanza, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, kisha koki mbili kabla ya boila, moja ya kisima, moja ya mvua, na valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma. Mvua ikiwepo, geuza. Bafu litatoa povu kama la maji laini ya mlimani Lushoto.

Kama boila bado haijanunuliwa, maswali muhimu yaulizwe dukani. Mwombe muuzaji afungue kifuniko cha chini. Tazama kama elementi imeshikwa na flenji yenye boliti, tundu lake liwe pana kiasi cha mkono kuingia, au kama ni nati moja nyembamba ambayo ukoko ukishavimba elementi haitatoka. Tafuta anodi iko wapi na inafikiwaje. Uliza kama gasketi, anodi na themostati zinauzwa peke yake, tena katika mji huu, si kwa kuagiza Dubai. Na kabla fundi hajatoboa ukuta, mpimie urefu wa elementi na umwambie aache nafasi hiyo chini ya boila pamoja na ya mkono wa kushika spana, kwa sababu elementi ya tangi la kusimama huchomolewa kwenda chini, na chini mara nyingi wameshajenga kabati.